Retina Iliyovimba na Hesabu ya Nauli

Mwaka 2015 mtandao wa madaktari wa retina wa Marekani ulitoa matokeo ya utafiti ambao mpaka leo hauondoki mezani kwa yeyote anayetibu retina iliyovimba kwa sababu ya kisukari. Wagonjwa 660 waligawanywa makundi matatu, kila kundi na dawa yake ya kuchomwa ndani ya jicho: afliberseti, ranibizumabu na bevasizumabu. Wasomaji wengi walikimbilia kutafuta dawa iliyoshinda. Mimi namba iliyonikaa kichwani ni nyingine, ile ya idadi ya sindano. Katika mwaka wa kwanza mgonjwa wa kawaida alichomwa mara 9 au 10 katika jicho moja.

Sasa mpeleke mgonjwa huyo Litembo. Kutoka juu kule kwenye milima ya Umatengo hushuka kwanza Mbinga mjini, kisha Songea, kilomita 100 hivi, na kutoka Songea mpaka Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000 za basi, kutwa nzima kupitia Njombe na Makambako. Hospitali ya Litembo ya Jimbo Katoliki la Mbinga, ile ya misheni pale Peramiho na ya rufaa ya mkoa Songea zimebeba mzigo mkubwa wa magonjwa ya Ruvuma kwa miaka mingi. Lakini matibabu ya kibingwa ya retina hapa nchini yamejikusanya kwenye vituo vichache vikubwa, kama Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam, au KCMC Moshi. Mtu wa Liuli au Mbamba Bay, huko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ana mlima wa kupanda kabla hajaanza kuzihesabu kilomita hizo. Zidisha nauli kwa mbili, maana asiyeona vizuri hasafiri peke yake. Ongeza malazi na chakula cha mjini. Halafu zidisha yote kwa kumi.

Hoja yangu ni kwamba kwa mgonjwa huyu uchaguzi wa tiba uanzie kwenye idadi ya safari anazozimudu, ndipo tuulize dawa ipi ina nguvu zaidi. Wenzangu wa mijini huona huko ni kumpunja mwananchi. Nikisoma ushahidi uliokusanywa katika miaka 40 iliyopita naona kinyume chake: unatupa nafasi kubwa ya kupanga tiba kwa hesabu ya nauli na bado jicho likapona, mradi tujue tunachokifanya na tukifanye mapema.

Retina ni utando mwembamba uliotandikwa nyuma ya jicho kwa ndani, unaopokea mwanga na kupeleka habari zake ubongoni. Katikati yake kuna kitovu kidogo, madaktari hukiita makula. Hicho ndicho kinachosoma maandishi, kinachotambua sura ya mtu anayekuja njiani, kinachotia uzi kwenye tundu la sindano na kinachotenganisha punje ya kahawa iliyoiva na ile mbichi. Mishipa midogo ya damu ikichakaa huvujisha maji na mafuta, na kitovu hicho huvimba. Unene wake wa kawaida katikati ni mikroni 250 mpaka 300 hivi. Kilichovimba huweza kufika 500 na zaidi. Jicho haliumi wala haliwi jekundu. Ukilitazama kwa nje ni zima kabisa, na mwenye nalo huendelea na shughuli zake kwa kutumia jicho la pili mpaka siku hilo nalo linapoanza kutia ukungu.

Kinachotangulia kwa kuleta uvimbe huu ni kisukari. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uligundua kuwa Watanzania 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari, na karibu 26 katika kila 100 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Presha nayo ina njia yake: huziba mshipa wa vena wa retina ghafla, na mtu huamka asubuhi jicho moja limeingia giza katikati. Sababu nyingine nazipitia haraka. Baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, wachache hupata uvimbe wiki kadhaa baadaye. Wengi wao hupona kwa matone ya kupunguza uvimbe, na hapa hasa ndipo matone yana kazi ya maana. Uvimbe unaoletwa na maambukizi ndani ya jicho, kama toksoplasma au kifua kikuu, unahitaji kutibiwa chanzo chake kwanza. Steroidi ikichomwa ndani ya jicho lenye toksoplasma ambayo haijatambuliwa inaweza kulimaliza jicho hilo. Nasema hivi kwa sababu kuna tabia ya kuona neno “uvimbe” na kukimbilia steroidi.

Hakuna haja ya mashine ya gharama ili mtu ashukiwe. Katika zahanati yoyote yenye chati ya herufi E, mgonjwa hufunikwa jicho moja na kusoma kwa lingine kutoka mita 6. Akishindwa, apewe kipande cha kadibodi chenye tundu dogo la pini, achungulie kupitia hapo. Akiona vizuri zaidi, shida yake huenda ni ya miwani. Asipoona nafuu, miwani haitamsaidia na asipewe. Nimekutana na watu wengi wa kisukari wenye jozi tatu nne za miwani kabatini ambao hawajawahi hata mara moja kutiwa matone ya kupanua mboni ili retina ikaguliwe. Nyumbani napo kuna kipimo: fungua daftari la hesabu lenye vijisanduku, weka nukta katikati ya ukurasa, funika jicho moja na utazame nukta hiyo. Mistari ikipinda au pakiwa na doa ambalo vijisanduku havionekani, nenda hospitali wiki hiyo hiyo.

Sindano yenyewe inastahili kuelezwa, kwa sababu watu wakisikia tu kwamba jicho linachomwa, wengine huona heri wabaki na ukungu wao. Jicho hutiwa matone ya ganzi. Kope na jicho husafishwa kwa aiodini ya povidoni, ile ya rangi ya kahawia, ikaachwa ikae kidogo. Hatua hii ndiyo roho ya usalama wote, na matone ya antibiotiki ambayo wagonjwa wengi huyadai hayaifikii. Kifaa kidogo cha waya huzuia kope zisifumbe. Daktari hupima kutoka ukingo wa duara jeusi milimita 4 kwa jicho lenye lenzi yake ya asili, au 3.5 kwa lililokwisha kuwekewa lenzi bandia, mahali ambapo ncha haitagusa lenzi wala retina. Mgonjwa huambiwa atazame upande wa pili. Kinachoingia ni mililita 0.05, kadiri ya tone moja, na kazi huwa imekwisha kabla hajamaliza kujiuliza kama imeanza. Kesho yake anaweza kuona damu imevilia kwenye weupe wa jicho na vitone vyeusi vikielea. Hayo hupita.

Lisilopita lenyewe ni maambukizi ndani ya jicho, yanayotokea kama mara moja katika sindano elfu kadhaa. Ni machache, lakini huangamiza. Dalili zake ni maumivu, wekundu na uoni kushuka ndani ya siku chache za kwanza, yaani wakati ambao mgonjwa wa Litembo amekwisha kurudi nyumbani. Kwa hiyo asipandishwe basi bila karatasi yenye dalili hizo kwa Kiswahili na namba ya simu ya kliniki inayopokelewa. Na hospitali iliyo karibu naye ijue mapema kuwa ana jicho lililochomwa, kwa sababu vankomaisini na seftazidimu za kuchoma ndani ya jicho zinatakiwa saa hizo hizo. Kungoja basi la keshokutwa ni kulipoteza jicho.

Kwenye uchaguzi wa dawa, utafiti ule wa 2015 ulisema mambo mawili. Kwa wagonjwa ambao uoni wao ulikuwa umeshuka kidogo tu, dawa zote tatu zililingana baada ya mwaka. Kwa wale ambao uoni ulikuwa umeshuka sana, afliberseti ilitangulia. Lakini tazama bei: wakati huo nchini Marekani dozi moja ya afliberseti ilikaribia dola 2,000, na ya bevasizumabu ilikuwa chini ya dola 100. Bevasizumabu, ambayo wengi huijua kwa jina la Avastin, ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2005 daktari wa Miami, Philip Rosenfeld, aliichoma kwenye jicho, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu kama dawa ya macho. Chupa yake ndogo ina miligramu 100, na jicho linahitaji miligramu 1.25 tu.

Kisha mwaka 2022 mtandao ule ule ukajibu swali ambalo nchi zetu zilikuwa zinaliuliza. Macho 312 yenye uoni ulioshuka yaligawanywa: mengine yakaanzishiwa afliberseti moja kwa moja, mengine bevasizumabu, na yale ambayo hayakupata nafuu ya kutosha yakahamishiwa afliberseti. Baada ya miaka miwili, uoni wa makundi yote mawili ulikuwa sawa. Kwa vena iliyoziba pia, utafiti wa mwaka 2017 wenye wagonjwa 362 ulionyesha bevasizumabu haikuachwa nyuma na afliberseti katika miezi sita. Kwa hiyo mtu akikwambia ndugu yako amepewa dawa ya maskini, mwambie ndiyo dawa ambayo hata Marekani wagonjwa wengi huanza nayo. Siku hizi kuna dawa mpya zaidi, kama farisimabu iliyoidhinishwa mwaka 2022, zinazowezesha baadhi ya wagonjwa kukaa miezi mitatu hata minne kati ya sindano na sindano. Mtu mwenye bima inayolipia au mtoto Muscat anayetuma pesa na aulizie. Kupungua kwa safari kunaweza kufidia sehemu ya bei.

Unafuu wa Avastin una mtego wake. Chupa moja inagawanywa kwenye mabomba mengi ya sindano, na hapo ndipo uchafu unapoweza kuingia. Mwaka 2010 huko Shanghai makumi ya wagonjwa walipata uvimbe mkali wa macho baada ya kuchomwa Avastin ya bandia. Mwaka uliofuata Florida ikapata maambukizi yaliyotokana na ugawaji usio safi. Dawa hii inataka chumba safi cha kuigawia na friji ya nyuzi 2 hadi 8 ambayo haizimiki, na iwe imetoka kwa msambazaji anayejulikana. Hospitali isiyoweza hayo isiichome, hata kama wagonjwa wamejipanga mlangoni. Upande wa mgonjwa nako kuna la kuuliza: aliyepata kiharusi au shambulio la moyo hivi karibuni aseme kabla ya sindano, maana huenda akashauriwa kungoja au kutumia njia nyingine.

Nije kwenye leza, ambayo kwa maoni yangu tumeizika ikiwa hai. Mwaka 1985 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kuwa leza kwenye mishipa inayovuja karibu na kitovu ilipunguza kwa nusu idadi ya waliopoteza uoni kwa kiasi cha kutisha ndani ya miaka mitatu, kutoka asilimia 24 hadi 12. Ni kweli kwamba leza huzuia kuliko inavyorudisha. Ukija umeshapoteza mistari minne ya chati, usitarajie leza ikurudishie yote, na sindano hapo huishinda. Lakini uvimbe ulio pembeni kidogo ya kitovu, au ulio kitovuni ukiwa haujazidi mikroni 400, bado ni wa leza. Mwaka 2022 utafiti wa Uingereza wenye wagonjwa 266 ulilinganisha leza ya kawaida na leza laini isiyoacha kovu, kwa macho ya unene huo hasa, na baada ya miaka miwili uoni ulikuwa sawa. Mashine ya leza haihitaji friji wala kuagizwa upya kila mwezi, na mgonjwa huweza kumaliza kwa safari moja na kurudi kukaguliwa baada ya miezi mitatu au minne.

Kuna sababu nyingine ya kuitetea. Wengi wenye uvimbe wa kisukari uliokomaa wana pia mishipa mipya dhaifu inayoota juu ya retina, ile inayopasuka na kulijaza jicho damu. Sindano huikausha mishipa hiyo vizuri, kwa muda. Mwaka 2019 madaktari wa Philadelphia walitoa habari za wagonjwa wa mishipa hiyo waliopotea kliniki kwa zaidi ya miezi sita. Waliokuwa wametibiwa kwa sindano peke yake walirudi na macho mabaya zaidi, na retina zilizong'olewa na makovu, kuliko waliokuwa wamepigwa leza. Huko ni Philadelphia, penye treni na simu za kumkumbusha mtu miadi. Mgonjwa wa mishipa mipya anayetoka wilaya ya Nyasa asiachwe aondoke na sindano tupu. Apigwe leza ya pembeni angali kwenye kiti.

Steroidi ndiyo njia ninayoiona imepuuzwa pasipostahili. Triamsinoloni ikichomwa ndani ya jicho hufanya kazi miezi mitatu hivi. Kijiti cha deksamethasoni cha miligramu 0.7, kiitwacho Ozurdex, hukaa kati ya miezi mitatu na sita, lakini ni ghali. Madhara mawili ya steroidi yanajulikana: huleta mtoto wa jicho na hupandisha presha ya jicho. Kwa kijana mwenye lenzi yake ya asili ninasita. Ila utafiti uliochapishwa mwaka 2010 wenye macho 854 una jedwali linalohusu sana wazee wetu: kwa macho ambayo tayari yalikuwa yamewekewa lenzi bandia, triamsinoloni pamoja na leza ilikaribiana na ranibizumabu. Na ni nani mwenye lenzi bandia? Ni bibi na babu waliokwisha kupasuliwa mtoto wa jicho, ama kwenye hospitali ya misheni ama kwenye kambi ya macho. Kwao mtoto wa jicho si tishio tena. Linabaki la presha ya jicho, na hilo hupimwa kwa dakika chache na mtaalamu wa macho wa hospitali ya wilaya au ya misheni, wiki ya nne au ya sita, bila mtu kupanda basi la Dar es Salaam. Ikipanda, kwa wengi hushushwa kwa matone ya timololi.

Tiba nyingine ni kutofanya kitu, kwa mpango. Mwaka 2019 wagonjwa 702 wenye kitovu kilichovimba lakini wanaoona vizuri bado waligawanywa: sindano, leza au kusubiri, huku wa leza na wa kusubiri wakipewa sindano pale uoni uliposhuka. Baada ya miaka miwili waliopoteza herufi tano au zaidi walikuwa asilimia 16, 17 na 19, tofauti isiyo na uzito. Katika waliosubiri, theluthi moja tu ndiyo iliyofika kuhitaji sindano. Maana yake mama anayesoma mstari wa chini kabisa wa chati hana sababu ya kuuza mbuzi leo. Ana sababu ya kuwa na tarehe kwenye kadi yake, kwa sababu kusubiri kwenye utafiti ule kulikuwa ni kukaguliwa mara kwa mara, na kusubiri kwetu mara nyingi huwa ni kusahauliwa.

Nimeacha mpaka sasa tiba ambayo haihitaji kutoka wilayani. Mwaka 1998 Waingereza walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,148 wa kisukari wenye presha. Waliodhibitiwa kwa ukali walifika wastani wa 144/82, wenzao 154/87. Pengo hilo dogo lilitosha kupunguza kuendelea kwa ugonjwa wa retina kwa asilimia 34, na kuporomoka kwa uoni kwa mistari mitatu kwa asilimia 47. Asilimia hizo zilipatikana kwa vidonge vya presha vya kawaida, kama kaptoprili na atenololi, bila sindano wala leza ya ziada. Kumchoma mtu jicho huku presha yake ni 180/110 ni kupiga deki sakafu na bomba limeachwa wazi. Figo nazo zikaguliwe: anayevimba miguu na uso, mwenye protini kwenye mkojo, mara nyingi retina yake imejaa maji ya mwili mzima, na maji hayo hupungua figo zikihudumiwa. Upungufu wa damu utibiwe. Na kama anameza pioglitazoni kwa ajili ya sukari, daktari wake aifikirie upya, maana dawa hiyo hulimbikiza maji. Mwaka 2024 Waskoti wakaongeza fenofibrati, kidonge cha mafuta ya damu kinachojulikana miaka mingi: katika watu 1,151 wenye dalili za mwanzo, kilipunguza kwa asilimia 27 hatari ya ugonjwa wa retina kusonga mbele. Figo zipimwe kabla ya kukianza.

Tuchukue mfano, ni wa kufikirika lakini hauko mbali na kliniki. Mama wa miaka 58, mkulima wa kahawa kutoka Litembo, kisukari cha miaka 11, presha haijatulia. Jicho la kulia lilipasuliwa mtoto wa jicho miaka mitatu iliyopita na sasa halisomi vizuri. La kushoto bado linaona, ingawa pembeni ya kitovu kuna uvimbe. Kwa mpango wa vitabuni angechomwa Dar es Salaam kila mwezi. Mimi ningemtuma safari ya kwanza akiwa na miadi iliyothibitishwa kwa simu, apigwe picha ya OCT inayopima unene wa retina, na siku hiyo hiyo jicho la kulia lipate triamsinoloni au bevasizumabu, la kushoto lipate leza. Macho mawili kwa siku moja yanaruhusiwa, kila moja likisafishwa na kutumiwa vifaa vyake kana kwamba ni wagonjwa wawili. Presha ya jicho ipimwe karibu na kwake. Vidonge vya presha vipangwe upya kabla hajasafiri.

Na kalenda iheshimiwe. Kuanzia Juni familia za Umatengo ziko kwenye kuchuma kahawa, na mwanakijiji hatakwenda Dar es Salaam kuchomwa jicho huku kahawa inadondoka. Pesa huja baada ya mauzo ya chama cha msingi, na mvua zikishaanza kukolea kuelekea Krismasi, barabara za milimani huwa na masharti yao. Kati ya Septemba na Novemba pesa ipo na njia inapitika: miezi mitatu, sindano tatu za kila mwezi, zile za mwanzo ambazo ndizo zenye uzito. Kliniki ya Dar es Salaam inayotoa miadi ya Juni kwa mkulima wa kahawa inajiandalia kadi ya mtoro. Aliyegundulika Januari na uoni unashuka hasubiri Septemba, bila shaka. Lakini kwa ambao tunao muda wa kupanga, tupange na shamba.

Jambo lingine, kuwakagua watu mapema kwa picha za retina, limekwisha kujaribiwa hapa nchini na kwa majirani. KCMC imekuwa na mpango wa kupiga picha za retina kwa watu wenye kisukari mkoani Kilimanjaro, kwa kamera inayowafuata kliniki zao. Rwanda, mwaka 2022, Dk. Wanjiku Mathenge na wenzake walitoa matokeo ya programu ya kompyuta inayosoma picha papo hapo: waliopewa jibu dakika hiyo hiyo na kuambiwa waende kwa mtaalamu, asilimia 51.5 walikwenda, waliongoja jibu lisomwe na mtu, asilimia 39.6. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, utafiti wa miaka mitano uliofanyika kusini mwa Malawi ulionyesha kuwa retina za watu wenye kisukari huko zilikimbilia hatua ya hatari kwa kasi kubwa kuliko ilivyoripotiwa Ulaya. Kamera moja inayozunguka Litembo, Mbinga mjini, Mbamba Bay na Liuli kwenye siku za kliniki ya kisukari ingewapata watu wakiwa bado kwenye hatua ya leza na vidonge. Wagonjwa 20 wakishajulikana, ni rahisi zaidi mtaalamu mmoja kupanda basi kuja Songea na mashine ya leza inayobebeka na boksi la barafu lenye bevasizumabu, kila baada ya miezi miwili, kuliko wagonjwa 20 na wasindikizaji wao 20 kushuka Dar es Salaam.

Yapo macho ambayo hayatarudi. Mishipa ya kitovu ikishaziba, picha ya OCT huonyesha retina iliyokonda badala ya kuvimba, na sindano hapo ni gharama tupu. Daktari aseme hivyo kwa maneno yanayoeleweka, mgonjwa akiwa na aliyemsindikiza, kabla familia haijaingia deni la awamu nyingine. Baada ya kusema, ageukie jicho la pili: lipanuliwe mboni siku hiyo hiyo, hata kama mwenyewe anasema halina shida, na tarehe ya kulikagua tena iandikwe kwenye kadi pamoja na namba ya simu ya mtoto anayekaa naye nyumbani.